Kabla afisi haijanunua viyoyozi vipya: uigaji wa jengo kwa kompyuta, na unyevu ambao mahesabu yetu huusahau

#1 Mleta uzi (Unguja)

Assalaamu alaykum wanajukwaa.

Nimefungua uzi huu kwa sababu afisi ninayofanyia kazi, yenye ghorofa tatu na uso wa vioo unaotazama magharibi, imo katika hatua za mwisho za kununua viyoyozi vya ziada, na mimi niliyepewa kazi ya kuandaa orodha ya mahitaji nimeona kwamba orodha hiyo haiwezi kuandikwa kwa haki ikiwa hatujui joto linaingilia wapi. Kila msimu wa kaskazi malalamiko ni yale yale: walioko ghorofa ya juu wanalowa jasho ilhali mashine zinanguruma, walioko chini wanavaa masweta, na fedha za umeme zinapita kiwango kilichopangwa. Jawabu la kawaida limekuwa kuongeza mashine. Mimi niliomba muda nilichunguze jengo kwa njia ya uigaji, na ninayaweka hapa niliyoyapata, pamoja na makosa niliyoyafanya, ili wenye ujuzi wanirekebishe kabla fedha hazijatoka.

Kwa asiyeuzoea msamiati huu, uigaji wa jengo ni kulijenga jengo upya ndani ya kompyuta kwa hesabu. Unaingiza vipimo vya vyumba, unene na aina ya kuta, paa, vioo, idadi ya watu na saa zao za kazi, taa, kompyuta na mashine za baridi, kisha unaipa programu faili la hali ya hewa lenye mistari 8,760, yaani mstari mmoja kwa kila saa ya mwaka. Programu hukokotoa, saa baada ya saa, joto linaloingia, linalohifadhiwa ukutani na linalopaswa kuondolewa ili chumba kibaki katika kiwango ulichokitaka. Ninatumia EnergyPlus, ambayo ilitengenezwa kwa fedha za Wizara ya Nishati ya Marekani, ikatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001 ikiwa mrithi wa programu mbili za zamani, DOE-2 na BLAST, na ambayo hailipiwi. Zipo nyengine za kulipia zenye sura nzuri zaidi, lakini kwa afisi isiyo na bajeti ya programu, hii inatosha.

Kosa langu la kwanza linafaa kujulikana na kila atakayefuata njia hii. Modeli ya mwanzo ilinionyesha kwamba jengo letu, lililopo nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, linatumia nishati ya kupasha joto karibu kila mwezi. Nilidhani faili la hali ya hewa limeharibika. Baada ya siku mbili niligundua kwamba nilikuwa nimechukua kiolezo cha afisi za nchi zenye majira ya baridi, ambako hewa yote hupozwa mahali pamoja hadi nyuzi 13 hivi, halafu hupashwa moto upya katika kila chumba kisichohitaji ubaridi mwingi. Mfumo huo hatunao kabisa. Sisi tuna mashine za ukutani, kila chumba na yake. Nilipoondoa kiolezo hicho na kuziandika mashine zetu kama zilivyo, matumizi ya kupasha joto yalitoweka, na namba ya umeme ikaanza kufanana na tunayoilipa. Kompyuta ilikuwa imelihesabu jengo la nchi nyengine kwa usahihi mkubwa.

Ninaomba michango, hasa kutoka kwa mafundi wa viyoyozi na wasanifu wa majengo.

#2 Fundi wa Baridi

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nimesoma kwa makini, na nitasema ninayoyaona juu ya ngazi kila siku.

Sisi mafundi tukiitwa tunaulizwa chumba kina urefu gani na upana gani, kisha tunataja BTU, yaani kipimo cha uwezo wa mashine wa kupoza: 9,000, 12,000, 18,000 au 24,000. Mteja akiwa na wasiwasi tunapanda daraja moja, na wengi wanadhani kwamba kupanda daraja hakuna madhara. Lakini nimeingia katika vyumba vyenye mashine kubwa kupita kiasi nikakuta ubaridi wa kutosha na unyevu wa kutisha: karatasi zimelegea, majalada yana kuvu, viti vya ngozi vinateleza. Mashine kubwa hukifikisha chumba kwenye kiwango cha rimoti kwa dakika chache, ikazima, na maji yaliyojikusanya juu ya mapezi ya ndani hayajapata hata muda wa kutiririka. Ikiwa feni ya mashine inaendelea kuzunguka, maji hayo hurudi chumbani yakiwa mvuke. Ninataka kujua kama programu yako inalijua jambo hili, kwa sababu kwangu hili ndilo tatizo la visiwa vyetu, kuliko joto lenyewe.

Jambo la pili ni kibandiko. Ufanisi ulioandikwa ubavuni mwa mashine hupimwa maabara ikiwa mpya, hewa ya nje ikiwa nyuzi 35 na ya ndani nyuzi 27. Mashine iliyokaa miaka minne inayotazama bahari, mapezi yake ya nje yameliwa na chumvi hadi yanavunjika ukiyagusa, haiwezi kuwa na ufanisi huo. Ukiingiza namba ya kibandiko, kompyuta itakupa bili ya mashine iliyomo bado ndani ya boksi.

#3 Mleta uzi

Fundi, umeligusa jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo, kwa hiyo niruhusu niliendee kwa hesabu.

Chukua hewa ya nje ya mchana wa kaskazi yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Kila kilo ya hewa hiyo imebeba takriban gramu 20 za mvuke wa maji. Hewa ya ndani tunayoitaka, nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55, imebeba takriban gramu 10. Maana yake ni kwamba kila kilo ya hewa mbichi inayoingia afisini lazima ishushwe nyuzi 6, na pia ikamuliwe gramu 10 za maji. Kuishusha nyuzi 6 kunahitaji takriban kilojuli 6. Kuyakamua maji yale kunahitaji takriban kilojuli 25. Kwa hiyo sehemu nne katika tano za kazi ya kuitayarisha hewa mbichi ya Zanzibar ni kuondoa unyevu, na sehemu moja tu ndiyo tunayoiita kupoza. Nilipoliona hili nilielewa kwa nini wazee wetu wana neno fukuto na hawakutosheka na neno joto.

Tuiweke hesabu hiyo chumbani. Watu sita wakipewa lita 10 za hewa mbichi kwa sekunde kila mmoja, hewa hiyo peke yake huingiza takriban lita mbili na nusu za maji kwa saa, na kwa siku ya kazi ya saa nane ni ndoo ya lita 20. Pumzi na jasho la watu wenyewe huongeza kama lita nne. Kila lita ya maji inayotoka kwenye mpira wa mashine inawakilisha takriban uniti (kilowati-saa) 0.68 za joto lililoondolewa, kwa hiyo ndoo moja iliyojaa ni uniti 13 na nusu hivi za joto, ambazo mashine yenye ufanisi wa tatu kwa moja huziondoa kwa kula kama uniti nne na nusu za umeme. Hayo ni maji tu. Jua, taa na kompyuta hazijahesabiwa.

Kuhusu swali lako, ndiyo, programu inaweza kulihesabu tatizo la mashine kuwaka na kuzima, lakini ni lazima uiamuru. Ipo sehemu ya kueleza jinsi uwezo wa kuondoa unyevu unavyopungua mashine inapofanya kazi kwa vipindi vifupi, na ipo sehemu ya kusema kama feni inazunguka muda wote au inasimama pamoja na kompresa. Ukiziacha tupu, programu huichukulia kila mashine kuwa inakausha hewa vizuri hata ikiwa ni kubwa mara mbili ya mahitaji, na hapo modeli inakushauri kufanya kosa lile lile ulilolieleza. Nilipoziandika sehemu hizo, chumba chetu cha mikutano, chenye mashine mbili za BTU 24,000 na mara nyingi watu wanne tu, kilionyesha unyevu unaozidi asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwezi wa Aprili, ilhali kipimajoto kinasema nyuzi 23. Ndicho chumba ambacho mazulia yake yananuka.

Ufanisi wa kibandiko nimeupunguza kwa mashine kuukuu. Lakini kipimo halisi ningependa kukipata kwako: ukipima umeme unaoingia na joto la hewa inayotoka, unaweza kuniambia mashine imebakisha nguvu gani?

#4 Fundi wa Baridi

Ninaweza kukadiria, kwa kipima ampea na kipimajoto chenye kupima unyevu, nikipima hewa inayoingia na inayotoka. Lakini umenipa wazo jepesi kuliko hilo. Maji ya mpira yanapotea bure kila siku uani. Nitatega ndoo, nitaandika saa, na tutajua mashine imekamua kiasi gani bila ya kubahatisha. Nitaleta jawabu.

#5 Msanifu wa Vuga

Nashukuru kwa mjadala huu, na ninaomba tusiwaachie mafundi mzigo ulioletwa na sisi wachoraji.

Uso wa vioo unaotazama magharibi ni uamuzi wa mchoraji. Kuanzia saa tisa alasiri jua liko takriban nyuzi 45 juu ya upeo na linazidi kushuka, kwa hiyo linaupiga ukuta wa magharibi karibu uso kwa uso. Siku ya anga safi kila mita mraba hupokea zaidi ya wati 500. Kioo kimoja cheupe hupitisha takriban nne katika tano za hizo. Mita mraba 20 za kioo ni kilowati 8 za joto, na mashine ya BTU 12,000 huondoa kilowati 3 na nusu tu. Kwa hiyo zaidi ya mashine mbili zinafanya kazi ya kulirudisha nje jua ambalo tungelizuia kwa mbao.

Kwa kuta za kaskazini na kusini jambo ni rahisi. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo, na Disemba linapita kusini kwa nyuzi 73 hivi. Dirisha lenye kimo cha mita moja na nusu linahitaji kivuli kinachotokeza sentimita 85 upande wa kaskazini na sentimita 46 tu upande wa kusini ili adhuhuri ya siku hizo jua lisiguse kioo. Ramani nyingi ninazoziona zinatoa kivuli sawa pande zote nne, kwa ajili ya mapambo, na upande wa magharibi hakisaidii kitu kwa sababu jua linaingia kwa chini yake. Magharibi panahitaji mbao za wima, wavu, au baraza yenye kina.

Tazameni Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash. Lilizungukwa na baraza pana kila ghorofa, pamoja na upande wa magharibi unaotazama bahari, hata jua halikuwa likiugusa ukuta wenyewe kwa muda mrefu. Sehemu ya jengo hilo ilianguka Disemba 2020 na moyo wangu haujapoa, lakini somo la baraza zake lingali pale kwa mwenye kuchora.

Nina swali moja la kitaalamu. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita na zaidi, na zinanyonya unyevu na kuutoa. Programu inazielewa?

#6 Mwanafunzi wa Tunguu

Assalaamu alaykum. Ninawaomba radhi wakubwa zangu kwa kuingilia. Ninasoma, na nimejaribu kutengeneza modeli ya jengo dogo la skuli. Tatizo langu ni hali ya hewa. Faili la hali ya hewa nimelitoa kwenye PVGIS, tovuti ya Tume ya Ulaya ya takwimu za jua, ambalo linaunganisha miezi ya miaka tofauti kuwa mwaka mmoja wa kawaida. Je, mwaka kama huo unatosha kuamulia ukubwa wa mashine, ikiwa kaskazi ya mwaka mmoja inaweza kuwa kali kuliko ya mwaka mwengine?

#7 Mleta uzi

Msanifu, kuhusu mawe ya matumbawe: programu inazielewa kwa joto bila ya shida, mradi uingize unene, uzito na upitishaji joto wa kweli na usichague ukuta wa jiwe uliomo kwenye maktaba yake, ambao ni jiwe la nchi nyengine. Kwa unyevu, njia ya kawaida huuchukulia ukuta kama kioo kisichonyonya kitu. Ziko njia mbili za ziada, moja nyepesi inayochukua tabaka la juu la ukuta kuwa ndilo linalonyonya na kutoa mvuke, na nyengine nzito inayofuatilia maji na joto kwa pamoja ndani ya ukuta mzima. Kwa jengo la chokaa ningetumia angalau ile nyepesi. Usipofanya hivyo, modeli itakuambia kwamba asubuhi ya Jumatatu mashine itakikausha chumba kwa nusu saa, ilhali kuta zimekunywa unyevu tangu Ijumaa mchana na zitaendelea kuutoa hadi jioni.

Mwanafunzi wetu, swali lako ni zuri na hukuingilia. Mwaka wa kawaida unafaa kukadiria matumizi ya umeme ya mwaka, na haufai peke yake kuamulia ukubwa wa mashine, kwa kuwa siku kali huwa zimesawazishwa. Kwa ukubwa wa mashine tumia siku ya usanifu unayoitengeneza mwenyewe kutokana na rekodi za kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege, na kwetu utengeneze siku mbili: moja yenye jua kali zaidi, ya Februari, na nyengine yenye unyevu mkubwa zaidi, ya masika, ambayo joto lake ni dogo lakini hewa yake imejaa maji. Mashine iliyopimwa kwa siku ya Februari peke yake huwa kubwa mno mwezi wa Aprili, na kuvu alilolitaja fundi huota wakati huo.

Ratiba za watu nazo zimenishughulisha kuliko nilivyotarajia. Ijumaa afisi hufungwa mapema kwa sala. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupungua, chai haipikwi, na jiko la afisi halitoi mvuke. Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo anayelinganisha modeli na bili za mwaka fulani lazima aiweke Ramadhani ya mwaka ule ule, ama sivyo mwezi mmoja utakataa kulingana na yeye atabadilisha unene wa ukuta kutafuta kosa ambalo haliko ukutani.

Ulinganisho wenyewe unafanywa hivi. Mwongozo wa 14 wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, unaitaka modeli inayolinganishwa kwa miezi isipotoke kwa jumla zaidi ya asilimia 5, na mtawanyiko wa tofauti za miezi usizidi asilimia 15. Ni masharti ya haki. Lakini kwetu kuna mtego: wengi tunanunua umeme kwa Tukuza, yaani kwa kulipia kabla ya kutumia, na tarehe ya kununua uniti si tarehe ya kuzitumia. Mhasibu alinipa risiti za mwaka mzima, nikazipanga kwa miezi, zikanionyesha Juni kubwa kuliko Februari kwa sababu tu uniti nyingi zilinunuliwa mwisho wa mwaka wa fedha. Ilinibidi nianze upya kwa kusoma mita yenyewe kila Ijumaa kabla ya kufunga afisi. Nimefikisha miezi saba. Jumla imo ndani ya asilimia 5. Mtawanyiko bado uko juu kidogo, na ninashuku madirisha.

#8 Mzee wa Chake

Salaam kutoka Pemba. Nimesoma yote, na ninaona mmezungumza kana kwamba umeme upo daima.

Mimi nilikuwa Unguja mwaka 2009, mwezi wa Disemba, umeme wa kutoka bara ulipokatika, na haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu, na ilikuwa kaskazi. Afisi zilizokuwa na madirisha ya kufungua na baraza ziliendelea, watu wakahamisha meza karibu na upepo. Afisi za vioo visivyofunguka zisizo na jenereta hazikukalika baada ya saa tatu asubuhi. Waya mpya wa baharini wenye uwezo wa megawati 100 umekuja 2013, na sisi Pemba tumepata wetu kutoka Tanga mwaka 2010, alhamdulillahi. Lakini umeme hukatika kwa saa mbili au tatu hata leo, na kila afisi mnayoiziba kwa ajili ya kiyoyozi mnaifunga pumzi kwa saa hizo.

Kwa hiyo ninauliza: kompyuta hiyo inaweza kuniambia chumba kitakuwaje mashine ikiwa imezimwa?

#9 Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante. Inaweza, na ninakiri kwamba sikuwa nimeifanya hesabu hiyo kabla ya swali lako. Nimeifanya juzi na jana.

Unaiondoa mashine katika modeli, unafungua madirisha kwa ratiba, na unaiacha programu ihesabu upepo unaopita na joto la chumba saa kwa saa. Kipimo cha kukubalika kipo: kiwango cha 55 cha ASHRAE, kwa majengo yanayopitisha upepo na ambayo watu wake hufungua madirisha wenyewe, huchukua wastani wa joto la nje, hulizidisha kwa 0.31 na kuongeza 17.8. Wastani wa nje ukiwa nyuzi 27, starehe huwa karibu nyuzi 26, na watu wanane katika kumi wanatarajiwa kukubali hadi karibu nyuzi 29.7. Feni ya dari yenye kutoa upepo wa sentimita 80 kwa sekunde hukifanya chumba kihisike kama kimeshuka nyuzi 2 hadi 3, nayo hula wati 70 hivi, ilhali mashine ya BTU 12,000 hula wati elfu moja au zaidi.

Kwa jengo letu jawabu lilikuwa la kuhuzunisha. Ghorofa ya chini, upande wa mashariki, yenye madirisha mawili yanayotazamana, na mti wa muembe nje, inabaki ndani ya kiwango kwa saa nyingi za kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, bila ya mashine kabisa. Tumekuwa tukiipoza miezi yote kumi na miwili. Ghorofa ya juu, yenye vioo vya magharibi visivyofunguka na sakafu ya zege juu yake isiyo na dari, inavuka nyuzi 33 ndani ya saa moja na nusu umeme ukikatika alasiri ya Februari.

Mavazi pia yamo katika hesabu, na hapa nitasema waziwazi. Viwango vya starehe hutumia kipimo cha nguo. Shati jepesi na suruali ni karibu nusu, suti kamili yenye koti ni karibu moja. Mkuu wa kitengo aliyevaa suti akiweka rimoti nyuzi 18, dada zetu waliokaa chini ya upepo wa mashine wanaumia mabega, na wenye mashati mepesi wanafungua madirisha kutafuta joto. Niliiona kwa macho yangu: dirisha limefunguliwa na mashine inawaka, na mvuke wote wa hesabu ya juu unaingia bila ya kipimo. Huo ndio mtawanyiko wangu.

Mpango niliouandika kwa uongozi, kwa mpangilio wa umuhimu uliotokana na modeli, unaanza na mbao za wima kwenye vioo vya magharibi, na madirisha manne ya ghorofa ya juu yafanywe ya kufunguka. Paa lipakwe rangi nyeupe na liwekewe dari yenye kizuia joto, feni za dari ziwekwe vyumba vyote, na rimoti zisishushwe chini ya nyuzi 25. Baada ya hapo tu ndipo zipimwe mashine, na modeli inasema chumba cha mikutano kinahitaji ndogo kuliko kilizonazo. Sijaandika asilimia ya akiba, ingawa nilishinikizwa niiandike, kwa sababu modeli yangu haijatimiza masharti ya ulinganisho.

#10 Fundi wa Baridi

Nimerudi na ndoo. Afisi ni ya mteja wangu, watu wanne, mashine mbili za BTU 18,000 zote mpya. Niliunganisha mipira miwili kwenye ndoo moja ya lita 20 saa mbili kasorobo asubuhi, na ilijaa saa sita na robo, kabla ya sala ya Adhuhuri. Mteja alidhani mashine zinavuja.

#11 Mleta uzi

Fundi, Mungu akulipe. Hizo ni saa nne na nusu, yaani takriban lita 4.4 kwa saa. Tukitoa theluthi ya lita kwa watu wanne, na tukichukua hewa ya nje na ya ndani kama za mfano wangu wa juu, chumba kile kinavuta karibu lita 100 za hewa ya nje kila sekunde, ilhali watu wanne wanahitaji 40. Mashine hazina kosa. Kuna mahali pamefunguka. Tafadhali angalia juu ya dari, chini ya milango, na tundu la ukutani zinamopita bomba za gesi, kisha utege ndoo tena siku yenye hali ya hewa kama hiyo, na uniandikie pia kama feni za mashine zimewekwa zizunguke muda wote.

#12 Fundi wa Baridi

Tundu limeonekana: la mashine ya zamani iliyoondolewa, upana wa kiganja, limezibwa kwa kadibodi nyuma ya kabati. Na mlango wa ngazi unazuiwa kwa tofali usijifunge. Feni zinazunguka muda wote. Jumamosi ninaziba tundu kwa saruji, Jumatatu ninatega ndoo.